Kwa Rukia: Kura Zikishahesabiwa

Denver, Colorado

Rukia dada yangu,

Salamu nyingi, na wote hapo Kisauni, Mombasa, uwasalimie. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Umeuliza: ikiwa huku kura zinahesabiwa na mashine, wakala wa chama akisimama pale anaona nini? Hilo ni swali la mtu aliyewahi kukesha kituoni akingojea Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ijazwe, na jibu lake halitoshi kwenye simu.

Marekani haina tume moja inayoendesha uchaguzi wa nchi nzima. Kila jimbo hujitungia sheria, na mara nyingi kaunti ndizo zinazosimamia upigaji kura. Nitakueleza la Colorado kwa sababu ndiko niliko, na kwa jambo hili ndilo lililowatangulia wenzake.

Hapa wapiga kura wote hutumiwa karatasi nyumbani kwa posta. Unaijaza kwa kalamu, unairudisha, mashine inaisoma, na karatasi yenyewe inatunzwa. Mwaka 2009 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba karatasi hizo zikaguliwe kwa njia aliyoibuni Philip Stark, profesa wa takwimu pale Berkeley, California. Utekelezaji uliahirishwa hadi 2017, na Novemba ya mwaka huo ukafanyika ukaguzi wa kwanza wa aina hiyo wa jimbo zima nchini. Kumbuka Septemba 1, 2017 Mahakama yetu ya Juu huko Kenya ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais.

Ukaguzi huanza hivi: watu hukutana hadharani wakarusha dadu zenye pande 10. Kila tarakimu inayotoka husomwa kwa sauti na kuandikwa, mpaka zitimie 20. Hapo zinaingizwa kwenye programu, nayo inachagua karatasi za kukaguliwa: kaunti hii, boksi hili, karatasi ya ngapi kutoka juu. Kaunti zinakuwa zimeshawasilisha rekodi za mashine zao kabla dadu haijarushwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kujitayarisha kwa karatasi itakayoitwa.

Nilikwenda kutazama kazi ya kaunti. Wazee wawili walikaa meza moja, mmoja wa chama cha Democratic, mwingine wa Republican. Boksi likaletwa na lakiri yake yenye namba. Wakailinganisha namba na iliyo kwenye daftari, ndipo wakaikata. Wakahesabu karatasi polepole hadi kuifikia iliyotajwa, wakaitazama alama kwa macho yao wote wawili, wakaingiza walichokiona. Mashine iliisoma vipi, hawaambiwi. Ushindi ukiwa mkubwa, karatasi chache zinatosha kuuthibitisha. Ukiwa mwembamba zinaongezwa, na ushahidi usipopatikana huishia kuhesabu zote kwa mkono. Haya yote hufanyika kabla matokeo hayajaidhinishwa.

Rukia, kilichonigusa ni kwamba hakuna aliyelalamika. Kwetu, sanduku la kura za urais likishafungwa na kuondoka kituoni, ili lifunguliwe tena lazima mtu apate mawakili, awasilishe kesi ndani ya siku 7 tangu matokeo yatangazwe, na majaji nao wana siku 14 tu za kuamua. Ukaguzi unakuwa vita. Huku sheria inafungua boksi hata kama aliyeshindwa ameshampigia mwenzake simu ya pongezi. Naamini kabisa kwamba tungekuwa na kifungu kama hiki, Agosti zetu za uchaguzi zingekuwa na hofu ndogo ya kawaida na si zaidi.

Ukaguzi huu hautibu kila kitu. Haugusi daftari la wapiga kura, na ulinzi ukilegea hauna maana. Mwaka 2021 karani wa kaunti ya Mesa, hapa Colorado, ambaye ndiye aliyesimamia uchaguzi huko, alimwingiza mtu asiye na idhini kwenye mitambo ya uchaguzi. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya kukaza ulinzi, kamera zikiwemo, na 2024 jopo la raia mahakamani likamtia karani huyo hatiani.

Tena kuna jimbo la Georgia. Mashine yao humchapia mpiga kura karatasi yenye majina, lakini skana ilikuwa inasoma msimbo wa QR uliochapwa pembeni, ambao hakuna binadamu awezaye kuusoma. Mwaka 2020 walihesabu kwa mkono kura zipatazo milioni 5. Mshindi hakubadilika, ila kaunti ya Floyd iligundua kura zaidi ya 2,500 ambazo hazikuwa zimeingizwa kwenye hesabu ya kwanza. Bila karatasi, kura hizo zingepotelea wapi? Mwaka 2024 wabunge wao wakapitisha sheria ya kuuondoa msimbo huo kwenye kuhesabu.

Sasa nami nina swali. Nataka kuwaandikia wabunge wetu kabla ya uchaguzi wa 2027, na wewe ndiye uliyekuwa kituoni. Mkishaandika namba za lakiri na sanduku kupakiwa kwenye gari, kuna wakala anayelifuata hadi ghalani? Na ufunguo wa ghala anakaa nao nani? Nieleze ulivyoona kwa macho yako, hata kama ni kwa ujumbe mrefu wa sauti.

Wako,
Zuhura