YAH: Malalamiko kuhusu sindano 42 za gentamicin na kizunguzungu kisichoisha

Mkurugenzi Mtendaji,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Mbagala, 14 Januari 2025

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo niliziandika kwa ufupi, nanyi mkanijibu mara moja tu, tarehe 20 Desemba 2024, kwa aya nne. Aya ya tatu ndiyo iliyonirudisha mezani kuandika tena. Inasema kipimo cha usikivu kilionesha kwamba nasikia vizuri, hivyo hakuna ushahidi kuwa gentamicin, ile antibiotiki mliyonichoma, ililidhuru sikio. Sijasema mahali popote kwamba sisikii. Nasikia hata kuku wa jirani alfajiri. Nilichowaandikia ni kwamba tangu Machi mwaka jana nyumba yangu haitulii mbele ya macho yangu.

Nianze na yale yaliyomo kwenye faili langu. Nililetwa hospitalini kwenu tarehe 4 Machi 2024 nikiwa na homa kali, kutapika na maumivu ya kiuno upande wa kulia. Mkasema ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo. Nikawekewa kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, na kuanzishiwa gentamicin, miligramu 80 kila baada ya saa nane. Siku ya nne homa ilishuka, nikanywa uji ukakaa tumboni. Kwa hilo nawashukuru, na sipendi barua hii isomwe kana kwamba naichukia ile dawa.

Daktari aliyenipokea aliandika siku tano, kisha akaenda likizo. Aliyefuata akaandika "endelea". Wa tatu akaniruhusu nyumbani na kanula yangu mkononi, niwe nakuja kuchomwa asubuhi, alasiri na usiku. Ramadhani ilinikuta kwenye hiyo safari ya bodaboda. Siku tano zikawa kumi na nne. Risiti ninazo zote 42, maana hakuna sindano hata moja iliyotoka bila kupita kwa mhasibu. Katikati ya dozi miguu ilivimba, nikapewa na furosemide ya kutoa maji, dawa ambayo ikikutana na gentamicin hatari kwa sikio huongezeka. Kipimo cha figo, kreatinini, kilichukuliwa kwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi, siku moja baada ya sindano ya mwisho. Kilikuwa juu.

Hapo naomba mtulie kidogo. Gentamicin hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikilegea, dawa hubaki, hujaa, na sehemu mojawapo inakokwenda kujificha ni sikio la ndani, ambako hukaa muda mrefu hata baada ya kuacha kuchomwa. Mimi nililetwa kwenu na ugonjwa wa figo. Mlinipa dawa inayotokea mlango huo, siku kumi na nne, bila mtu kwenda kuangalia kama mlango uko wazi.

Siku ya tisa, usiku, nilimwambia nesi wa zamu kwamba taa ya dari inacheza kila nikigeuza shingo, na sikio la kushoto limeziba kama la mtu anayeshuka mlima Kitonga. Akanijibu, "Genta ina nguvu, mama. Vumilia, ukimaliza dozi itatulia." Simlaumu binti yule. Alikuwa peke yake na wodi nzima, tena naamini hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mgonjwa wa genta akisema maneno hayo, sindano inayofuata inasubiri mpaka daktari aje. Baada ya usiku ule nilichomwa nyingine 15.

Nilirudi kwenu Aprili, Mei na Juni. Mara mbili mlinipima malaria, hamkuiona, na mara moja mkanipa dawa yake hivyo hivyo. Mkasema presha. Mkasema vidonda vya tumbo. Mkanipa cinnarizine ya kuzuia kizunguzungu, nikaimeza miezi mitatu, nikawa nalala mchana kama paka. Mwisho daktari wenu mmoja, bila kuinua macho kwenye kompyuta, akaniuliza kama nina matatizo na mume wangu. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, kanishika mkono nisianguke.

Septemba ndipo nilipomwona daktari bingwa wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa. Akachungulia masikio: hakuna nta, hakuna maji, ngoma za masikio ni nzima. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nitazame pua yake, akakigeuza ghafla. Macho yangu yakaenda na kichwa, kisha yakaruka kurudi kwenye pua. Akarudia upande wa pili, ikawa vile vile. Akanisomesha herufi za ukutani nikiwa nimetulia, nikafika karibu na mstari wa chini. Akanisomesha tena huku akikitikisa kichwa changu, nikaishia kwenye herufi kubwa za juu. Akanisimamisha juu ya kipande cha sponji nifumbe macho. Nilimwangukia. Yote hayo yalichukua kama dakika kumi, na mashine haikuwashwa hata moja.

Akanieleza kwamba sikio la ndani lina kazi mbili. Moja ni kusikia, nyingine ni kumwambia mtu kichwa chake kimeelekea wapi. Gentamicin inajulikana zaidi kwa kuiharibu hii ya pili, na mara nyingi huiacha ya kwanza salama. Ndiyo maana kipimo chenu cha usikivu kilitoka safi. Zile chembe zenye vinyweleo zinazohisi mwendo wa kichwa zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Zangu zimeharibika pande zote mbili, na ndiyo maana dunia haizunguki kama kwa mlevi aliyelala chali. Inarukaruka, kama video ya simu iliyopigwa na mtu anayekimbia.

Mimi ni mwalimu wa shule binafsi, darasa la nne. Kazi yangu ni kugeuka: ubaoni, darasani, ubaoni, darasani. Sasa nikigeuka, darasa lote linachelewa kufika nilipo. Nimejifunza kuandika nikiwa nimeegemea ubao kwa bega, na mwezi uliopita mkuu wa shule amenipunguzia vipindi, na mshahara pia. Daladala ikija siwezi kusoma kibao chake mpaka mimi nisimame na yenyewe isimame, na konda wa Mbagala hana subira hiyo. Umeme ukikatika usiku nakaa chini pale pale nilipo, hata kama ni jikoni, maana kwenye giza miguu peke yake hainitoshi. Kuosha uso tu, ile sekunde ya kufumba macho, lazima kiuno kiwe kimegusa karo. Swala ya Idd niliswali kwenye kiti, nyuma, na wazee wasiojiweza. Nina miaka 52. Vijana wa bodaboda pale kona walishawahi kusema, nami nikiwasikia vizuri kabisa kama kipimo chenu kinavyothibitisha, kwamba mwalimu siku hizi anagonga chupa mapema.

Na lile sikio la kushoto bado limejaa. Kuna siku linalia kama nyenje, kuna siku linabana tu, hasa nikiwa nimechoka au kwenye kelele za watoto.

Barua yenu inaiita hali hii "athari adimu isiyotarajiwa". Adimu, sitabishana. Isiyotarajiwa, hapana. Streptomycin, dawa ya kwanza ya ukoo huu, iligunduliwa mwaka 1943, na madaktari waliowatibu nayo wagonjwa wa kifua kikuu waliona ndani ya muongo ule ule wagonjwa wakipoteza mizani ya mwili. Gentamicin ilikuja miaka ya 1960 ikiwa na sifa hiyo hiyo. Niliomba karatasi ya maelezo ya dawa hiyo katika duka la dawa la mtaani kwetu. Figo zimetajwa. Sikio limetajwa. Kizunguzungu kimetajwa. Yule kijana wa dukani alinipa bure.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Kwanza, nakala kamili ya faili langu, hasa ile chati ya dawa yenye neno "endelea", ambayo barua yenu haikuigusa kabisa. Pili, jazeni fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa muipeleke TMDA, mamlaka ya dawa; niliuliza mapokezi Novemba, nikaambiwa wamezoea kuitumia kwa mtu aliyetokwa vipele. Tatu, mnilipie fiziotherapia ya mizani ambayo daktari bingwa ameiandika, mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, na nauli ya anayenisindikiza. Mazoezi hayo hayarudishi kilichokufa, ila yanayafundisha macho na miguu kubeba mzigo, na tangu nianze kuyafanya kwa taabu nyumbani nimeweza kwenda dukani bila fimbo mara tatu. Nne, andikeni kwa wino mwekundu juu ya faili langu kwamba nisipewe tena dawa ya kundi hili, kwa sababu Agosti nilipokuja na homa nyingine kijana wenu alikuwa ameshaivuta kwenye bomba.

Na kwa wodi zenu zote: kreatinini kabla ya kuanza, dozi ya genta ikifika siku ya tatu daktari aihakiki upya, na mgonjwa asimamishwe aulizwe kama taa inacheza. Hilo halina gharama ya mashine.

Nitakuja mwenyewe kuchukua nakala Jumatatu tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi. Naomba mtu wa kumbukumbu ashuke nazo chini. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, na ngazi zenu hazina pa kushika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mgonjwa wenu wa Machi 2024

Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)