Tuwatumie fedha, si marobota ya nguo

Ndugu Mhariri,

Maafa yanapowakumba maskini wa mbali, watu wema hukimbilia kukusanya nguo. Moyo huo tunauheshimu sana, lakini marobota yasiyochambuliwa huziba bandari na maghala, na malori ya kubebea dawa hubaki yakihamisha makoti.

Tuma fedha. Soko la jirani likiwa linafanya kazi, fedha hununua chakula ambacho waathirika wanajua kukipika, na mchuuzi aliyepoteza mali hupata wateja.

Maji ndiyo ya kwanza. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Mafuriko yakichanganya vyoo na visima, kuhara huweza kumuua mtoto kwa siku chache tu. Kwa sababu hiyo tunaomba, tena kwa msisitizo: maziwa ya unga ya watoto wachanga yasitumwe kiholela. Yakikorogwa kwa maji machafu yanadhuru, na mama aliyeacha kunyonyesha kwa sababu yake hukaukiwa maziwa. Dawa nazo zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda.

Mchango ugawanywe: nusu sasa, nusu baada ya miezi mitatu. Wakati huo wanahabari wameshaondoka, na familia iliyokula akiba yake ya mbegu bado haina cha kupanda.

Wahudumu wa misaada ya maafa