Kabati Letu Limejaa: Wito wa Harambee

Wapendwa washirika, majirani, na marafiki mlio mbali,

Tuna kabati la chuma la droo nne. Liko chumba gani, hilo halitaandikwa hapa. Droo mbili za juu ni za mambo ya kawaida ya usharika: nota za kwaya, vitabu vya risiti, mishumaa. Mbili za chini zina kufuli, na funguo zake ni mbili tu. Humo mna bahasha. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, fomu ya daktari, picha za michubuko zilizoandikwa tarehe kwa nyuma. Moja ina karatasi iliyokunjwa mpaka ikatoshana na kiberiti, maana ilitoka nyumbani ndani ya soksi ya mtoto. Wenyewe wametuomba tuwatunzie kwa sababu huko wanakoishi mkoba hupekuliwa kila jioni. Mwezi uliopita droo ya chini kabisa ilikataa kufunga.

Ndiyo maana tunawaandikia. Tunaitisha harambee ya mfuko wa msaada wa kisheria na makazi ya dharura kwa manusura wa ukatili wa majumbani.

Kabla ya kuomba, tuna la kukiri. Kwa miaka mingi, mama akija kwetu na jicho lililovimba, tulimpa kiti na maji, kisha tukamwita mumewe. Wakaketishwa bega kwa bega mbele ya wazee, wakaambiwa waseme yote. Atasema nini, na anayempiga yuko hapo ubavuni? Mama alitazama sakafu, baba akajieleza kwa sauti ya upole, tukaomba, tukawasindikiza hadi mlangoni tukiambiana kwamba wagombanao ndio wapatanao. Mmoja wao alirudi baada ya siku mbili, mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Yale maneno machache aliyothubutu kuyatamka mbele yetu aliyalipia kabla hawajafika nyumbani. Sisi ndio tuliomwambia ayatamke.

Sheria ilishatutangulia. Itifaki ya Maputo ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ya mwaka 2003, inahesabu kuwa ukatili si kipigo peke yake, bali pia madhara ya kiakili na ya kiuchumi, na hata kule kutishia tu. Mkataba wa Istanbul wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, ambao Baraza la Ulaya liliufungua kwa ajili ya kutiwa saini mwaka 2011, unakataza katika kifungu cha 48 kuwalazimisha watu kwenye usuluhishi kwa kesi za namna hii. Kile kikao chetu cha wazee, kwa nia njema yote tuliyokuwa nayo, kilikuwa ni sehemu ya hatari. Tumekifuta. Mtu akija sasa anasikilizwa peke yake, na hakuna anayeitwa bila ridhaa yake.

Tunachofanya badala yake ni hiki. Katika nchi nyingi, mtu anayeteswa na mwenza au ndugu anaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi. Hakimu akiona hatari iko karibu, anaweza kutoa amri ya muda kwa kumsikiliza mwombaji peke yake, kisha akapanga tarehe ya kuzisikiliza pande zote mbili. Amri hiyo inaweza kumzuia mhusika asimsogelee mwombaji, asimpigie simu, asikanyage kazini kwake. Wakati mwingine yeye ndiye huamriwa kutoka nyumbani, mama na watoto wakabaki. Akiivunja anaweza kukamatwa. Wasaidizi wetu wa kisheria huandaa maombi, hukaa na mwombaji kuandika hati ya kiapo kwa maneno yake mwenyewe, na hufuatilia matunzo na malezi ya watoto. Mawakili wawili hujitolea pale kesi inapokuwa ngumu.

Mtauliza: kama mawakili wanajitolea, na maombi ya namna hii sehemu nyingi hayatozwi ada, harambee ya nini?

Ni ya nauli. Tuseme hivyo bila aibu, maana hata sisi tulichelewa kuelewa. Mama mmoja alifika mahakamani asubuhi na mapema na watoto wawili, mdogo mgongoni. Alikaa kwenye benchi hadi mchana, akaambiwa kesi imeahirishwa kwa kuwa wito haujamfikia mume. Siku ya kazi ikapotea na nauli ikaenda. Tarehe ya pili faili halikuonekana. Tarehe ya tatu hakufika, na shauri likaondolewa kwa sababu mwombaji hayupo. Sisi tulidhani amerudiana na mumewe; kuna aliyesema kwa sauti kabisa kwamba wanawake hawa hawasaidiki. Baadaye tukaja kujua kwamba alikuwa amekosa nauli, na aliona haya kutuomba tena baada ya kutuomba mara mbili.

Basi fungu kubwa la mfuko huu litakwenda kwenye vitu visivyopendeza kwenye picha: nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha watoto siku ya kesi, nakala za nyaraka, gharama ya kumfikishia mhusika wito, muda wa maongezi wa simu, na posho ndogo ya mtu wa kumsindikiza. Huyo msindikizaji msimdharau. Anakaa katikati ya mwombaji na mtu anayemtazama kwa jicho kali koridoni, na hakuna wakili anayeweza kufanya kazi hiyo huku amebeba mafaili.

Fungu la pili ni la mahali pa kulala. Watu huuliza sana, "Kwa nini asiondoke tu?" Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba siku za kuondoka na zile zinazofuata ndizo za hatari zaidi, kwa sababu ndipo mtesaji anapoona mamlaka yake juu ya mwenzake yamekwisha. Aliyewahi kukabwa koo, hata kama hakubakiwa na alama shingoni, yuko kwenye hatari kubwa ya kuuawa baadaye. Siku hizi hilo ni swali la kwanza tunalouliza. Mtu kama huyo hawezi kungojea tarehe ya mahakama akiwa nyumba ileile. Mwaka 1971, huko Chiswick, London, Erin Pizzey alifungua kijumba cha wanawake wa mtaa kukutana. Waliokuja na majeraha wakakataa kurudi makwao, na kijumba kikageuka kimbilio. Kwetu mambo yamekwenda hivyohivyo. Tulianza na meza na viti viwili, na sasa tunapanga vyumba vitatu ambavyo hatuvitaji viko wapi, hata kwa wafadhili wetu wakubwa. Tafadhali msiombe kutembelea. Kodi yake tumeilipa kwa kukopa kwenye mfuko wa ujenzi, na wajumbe wa ujenzi wameanza, kwa haki yao, kutukumbusha.

Jambo jingine linalotaka fedha za haraka ni hospitali. Aliyebakwa, awe amebakwa na mgeni au na mume, anatakiwa kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Saa hizo hupita upesi kwa mtu asiye na usafiri usiku. Tunataka dereva mmoja wa kuaminika awe tayari wakati wote, na mafuta yawe kwenye gari.

Ushauri nasaha tunao tayari, kwa hisani ya washirika wawili wenye taaluma hiyo.

Kuna ndugu waliotuuliza kama meza hii ni ya wanawake tu. Si hivyo. Wamekuja wanaume, na wazee wanaonyang'anywa pensheni na watoto wao, nao wamepokelewa. Ila Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kulazimishwa kingono, mara nyingi na mwenza wake mwenyewe, kwa hiyo msishangae kwamba bahasha nyingi kabatini ni za kina mama.

Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza inayoangukia ndani ya zile Siku 16 za kupinga ukatili, kati ya Novemba 25 na Desemba 10. Kadi za ahadi ziko kwa mhazini. Unaweza kutoa kwa mkupuo au kidogo kidogo kila mwezi. Kwa kweli kila mwezi ndiko kunakotufaa zaidi, kwa kuwa kesi hazikusanyiki mwezi wa harambee pekee. Kila risiti itakuwa na namba, hundi zitatiwa saini na watu wawili, na hesabu zitasomwa hadharani kila robo mwaka. Zitasoma "nauli, safari kumi na nne". Jina la aliyesafiri hamtalisikia. Anayetaka kuona sura ya aliyemsaidia, atusamehe.

Asiye na fedha ana vingine: simu ya zamani inayoshika chaji, mashuka, mchana mmoja kwa mwezi wa kusindikiza, au kabati la pili la chuma lenye kufuli.

Na kama umesoma haya yote ukiwa na bahasha yako mwenyewe ya kutunziwa, usijaze kadi yoyote. Mwambie mmoja wa mama wa kamati kwamba una nota za kwaya za kurudisha. Ataelewa, na maneno hayo hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu na wengine wanasoma. Jumbe za vitisho ulizotumiwa usizifute, ni ushahidi. Ila huu wetu, ikiwa simu unayosomea inashikwa na mwingine, ufute kabla hujairudisha mezani.

Kamati ya Mfuko wa Dharura