Barua kwa wanangu mnaorudi chuoni

Wanangu, wajukuu zangu,

Nimewaona mkiingia. Tangu juzi bajaji zinakatiza uchochoro wetu hapa Mabibo na magodoro yamefungwa juu, ndoo ndani ya ndoo, na jirani yangu wa chapati ameshaongeza unga. Shikamoo zenu nimezisikia kutoka dirishani. Marahaba kwa wote.

Leo siwaandikii wa mwaka wa kwanza. Wao wana wiki nzima ya kupokelewa: wanaonyeshwa maktaba, wanaonyeshwa zahanati, wanaambiwa ofisi ya mikopo iko wapi. Nawaandikia ninyi mnaorudi, wa mwaka wa pili na wa tatu, na ninyi mlioahirisha masomo mkakaa nyumbani mwaka na sasa mmerejea. Ninyi hakuna anayewapokea. Kila mtu anaamini mmeshajua.

Nilikuwa matroni wa bweni la chuo kwa miaka 22. Nilipostaafu nikajenga vyumba vinne uani, navipangisha wanafunzi. Kwa hiyo nimewatazama kwa muda mrefu, na jambo moja naweza kuwaambia bila kusita: anayeanguka mara nyingi si wa mwaka wa kwanza. Wa mwaka wa kwanza anaogopa, na hofu inamwamsha. Wa mwaka wa pili amerudi anajua njia za mkato, anajua mhadhiri gani haiti majina, ana madesa, zile nakala za kusomea, ya kaka zake waliotangulia, anajiambia msuli, yaani kusoma kwa bidii, utapigwa wiki ya mwisho. Ghafla ni wiki ya mwisho.

Lakini hilo silo lililonishikisha kalamu. Lililonishikisha kalamu lilitokea Novemba iliyopita, na mpaka leo limenikaa kooni.

Kijana mmoja alipanga chumba changu cha mwisho, kile cha karibu na bomba. Mpole, anasalimia, anasaidia kuchota maji. Kila asubuhi saa moja begi mgongoni, jioni saa kumi na mbili amerudi. Mwaka wake wa tatu wote ulikwenda hivyo. Siku mbili kabla ya mahafali mama yake akashuka Mbagala na basi la Masasi, yeye na dada zake wawili. Wameshona sare ya kitenge. Wamebeba korosho za kuwagawia walimu wa mtoto wao. Tukawatandikia sebuleni, tukala, tukacheka. Usiku ule kijana akasema anakwenda kuchukua joho kwa rafiki yake. Hakurudi.

Asubuhi nilimsindikiza mama yule mpaka chuoni. Tukapekua kitabu cha mahafali ukurasa kwa ukurasa. Kusoma kwenyewe kunampa tabu, kwa hiyo alikuwa ananitazama mdomo. Jina halimo. Karani mmoja akatuvuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba kijana aliondolewa mwaka uliotangulia, baada ya sapu za Septemba, ile mitihani ya marudio. Alidisko akiwa mwaka wa pili. Miezi yote ile aliyokuwa akibeba begi, alikuwa anakwenda kukaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, vya chuo ambacho jina lake kilishalifuta.

Tulimpata siku ya nne, Kibaha, amekonda, macho mekundu. Nilidhani mama yake atapiga kelele. Alimshika mkono tu, akamwambia: “Mwanangu, mwaka mzima ulikuwa unaumwa, na mimi nashona kitenge.”

Wanangu, sina hasira na kufeli. Kwa miaka 22 nimewaona waliosapu wakafaulu, waliokeri somo, yaani wakalibeba mpaka mwaka uliofuata, wakalimaliza, waliorudia mwaka ambao leo ni walimu, ni mabwana shamba, ni wauguzi. Hasira yangu ni kwa kule kuficha. Kuficha ndiko kulikomla yule kijana, na nitawaonyesha kulivyomla, hatua kwa hatua, kwa sababu yeye mwenyewe alinieleza na akaniruhusu niwaambie.

Alianza na tesiti moja. Muhula wa kwanza wa mwaka wa pili alipata alama mbaya katika somo moja la hesabu. Akaikunja karatasi, akaitia chini ya godoro. Hakwenda kwa mhadhiri, hakumwambia mwenzake wa kundi. Tesiti ya pili ikawa vile vile. Sasa fanyeni hesabu nami. Kama kosiweki, yaani alama za tesiti na kazi za muhula, ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, na pasi ni 40, anayeingia kwenye mtihani na kosiweki ya 12 anahitaji 28 kati ya 60. Hiyo inawezekana kwa mtu aliyeomba msaada mapema. Anayeingia na 12 kwenye masomo matatu, kichwa kimejaa aibu na hajalala, huyo hata lile analolijua halioni.

Zikaja sapu. Bado alikuwa na nafasi, na bado hakusema. Alipoondolewa, alikuwa na siku chache za kukata rufaa kama kanuni zinavyoruhusu. Hakuuliza, kwa sababu kuuliza kungehitaji kutamka. Bodi ya Mikopo nayo huwalipa wanaoendelea kwa kufuata matokeo ambayo vyuo vinapeleka, hivyo bumu, ile fedha ya mkopo, likakatika. Nyumbani wanajua mtoto ana mkopo. Angesema nini kuhusu hela? Akaingia kwenye mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Fikirini zimewala vijana wangapi kabla ya siku hiyo. Hizo hazimdai mkopaji peke yake. Zinawatumia ujumbe shangazi zake, wajomba, hata fundi aliyewahi kumshonea suruali: mwambie ndugu yako alipe. Ili alipe, akaanza kubeti. Mkeka ukichanika, beti imeliwa, anakopa tena. Yote hayo, wanangu, kwa ajili ya karatasi moja iliyokunjwa chini ya godoro.

Na mimi niliona, nikanyamaza. Wiki za tesiti vyumba vingine vitatu taa zilikuwa zinawaka mpaka saa nane usiku, cha kwake kimezimwa saa tatu. Nikasema huyu ana akili, amejiandaa mapema. Miezi mitano sikumsikia akilalamikia mhadhiri hata mmoja. Mwanafunzi asiyelalamika! Ilinipasa nibishe hodi.

Kwa hiyo ukisapu, sema. Ukipata alama mbaya wiki ya tano, nenda kwa mhadhiri wiki ya tano hiyo hiyo, na karatasi mkononi, ukaulize nilikosea wapi. Baadhi yao watakujibu vibaya, najua. Nenda kwa mwingine. Nenda ofisi ya ushauri wa wanafunzi. Kila chuo kina kitabu cha kanuni kinachoeleza nani anasapu, nani anakeri, nani anarudia mwaka, nani anaondolewa na anaweza kukata rufaa ndani ya siku ngapi. Kisome sasa, ukiwa na amani, usisubiri siku ambayo mikono inatetemeka. Na nyumbani chagua mtu mmoja. Asipokuwa baba, awe shangazi. Asipokuwa shangazi, awe dada mkubwa. Mtu mmoja ambaye hatasikia kwako uongo juu ya masomo yako, hata uongo mdogo.

Hapa lazima niwageukie wazazi wenzangu, maana watoto hawakujifundisha kuficha peke yao. Mtoto anapata nafasi chuoni, ukoo mzima unachanga. Mmoja anauza mbuzi, mwingine gunia la korosho, msikitini au kanisani anaombewa dua hadharani. Halafu kila akipiga simu tunamwambia: “Wewe ndiye tegemeo letu, usituangushe.” Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwafananisha waliopewa elimu na mtu ambaye kijiji chenye njaa kinampa chakula chote kilichobaki, apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali, akila asirudi kuwasaidia wenzake, huyo ni msaliti. Maneno yale nayaheshimu mpaka leo. Lakini Mwalimu alimzungumzia anayeshiba akasahau. Aliyejikwaa njiani ni mwingine, na sisi tumewachanganya. Tumemfanya mtoto aliyejikwaa ajione msaliti, ndiyo maana anabaki huko huko njiani anajificha. Muulizeni mtoto wenu, “Mwaka huu umekushinda wapi?” kabla ya kumuuliza mahafali ni lini.

Na vyuo navyo. Kuna wahadhiri wanaokaa na karatasi za tesiti mpaka mtihani wa mwisho unapita. Mwanafunzi atajuaje anazama? Kuna tangazo la kuondolewa linalobandikwa ukutani, namba za usajili mstari kwa mstari, halafu basi. Kijana wa miaka 21 anasimama mbele ya karatasi ile peke yake, halafu anatakiwa avuke barabara arudi chumbani. Hata hospitali mtu akipewa majibu mazito anawekewa kiti.

Wenye nyumba wenzangu pia. Tunawadai watoto hawa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na fedha ya chakula na malazi wanayopewa na Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata yote. Siku 60 ni laki sita. Toa kodi hapo, toa nauli, toa kutoa kopi, uniambie kinachobaki cha kula. Mimi napokea mwezi kwa mwezi na nyumba yangu haijaanguka.

Mengine nitayasema kwa kifupi.

Jisajilini mapema. Wengi mnaorudi mnasahau kwamba usajili ni wa kila mwaka, mnakuja kushtuka jina halimo kwenye orodha ya mtihani.

Tazameni matokeo ya mwaka uliopita somo kwa somo. Palipo wazi, fuatilieni sasa, karatasi bado zipo na mhadhiri bado anakumbuka. Mwaka wa tatu mwishoni utakuwa unamtafuta mtu aliyekwenda masomoni nje.

Bumu likitoka, kwanza kodi, pili mchele, maharage na mafuta. Viatu vitasubiri. Na kumbukeni ni mkopo: ukipata ajira watakata asilimia 15 ya mshahara wako.

Lipieni bima ya afya. Usiku wa homa hakuna wa kumkopa.

Kubebana kitandani wawili wawili nimekuona sana enzi zangu za bweni, na sikuwahi kumfukuza mtoto usiku. Lakini ukimbeba mwenzako, mpangiane muda wa kusoma na muda wa kulala, la sivyo mtafeli wote wawili.

Mabinti zangu, mwanamume anayekuchukia unaposoma hakupendi. Vijana, na ninyi hivyo hivyo.

Ninyi mlioahirisha masomo nimewaacha mwisho, kwa kuwa nawapenda kwa namna ya peke yake. Mmoja aliumwa. Mmoja alijifungua. Mmoja alikosa ada akaenda kuendesha bodaboda mpaka akaipata. Mnarudi, wenzenu mlioanza nao wako mbele, wengine wameshamaliza, na mnaingia darasani na watoto wasiowajua. Siku za kwanza mtakaa viti vya nyuma, mtakula peke yenu, na jioni moyo utasema rudi nyumbani. Usiusikilize wiki mbili za kwanza. Tafuta kundi la kusoma, hata kama wote ni wadogo kwako, ukawaambie wazi: mimi nilisimama mwaka mmoja, nikumbusheni. Hakikisha barua yako ya kuruhusiwa kurejea imefika idarani, na Bodi wana taarifa yako, na nakala unayo mwenyewe. Binti mmoja alipanga kwangu na mtoto wa miezi minane. Akienda kipindi ananiachia, na akirudi anamnyonyesha huku desa liko magotini. Alimaliza.

Kijana wangu yupo. Alikaa Masasi miezi minane akisaidia shambani, akaomba udahili upya katika chuo kingine, na mwaka huu ameanza mwaka wa kwanza akiwa na miaka 24. Chumba ni kile kile cha karibu na bomba. Ratiba ya vipindi ilipotoka aliipiga picha akamtumia dada yake amsomee mama, kisha akaja barazani kunisomea na mimi. Tumekubaliana kila tesiti ikirudi, nzuri au mbaya, tunaiweka juu ya meza.

Sare ya kitenge mama yake aliiacha hapa. Alisema hawezi kuibeba tena mpaka Masasi na kuirudisha. Iko kwenye sanduku langu, na jana palipochomoza jua nimeitoa nikaianika.

Bibi yenu,
Mabibo, Dar es Salaam