Luku tunaihesabu, petroli je?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kwangu Kimara umeme wa Luku ni vita, mtoto akisahau taa ya choo mama yake anapiga kelele utadhani nyumba inaungua, pasi mara moja kwa wiki, friji tunazima usiku (sijui hata kama inasaidia), yote hiyo ili tusivuke uniti 75 kwa mwezi tukatolewa kwenye ile bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti. Sawa. Ila asubuhi mimi huyohuyo nawasha gari, niko peke yangu, nakaa foleni ya Ubungo injini inanguruma na AC juu, na hapo hakuna wa kunifokea! Lita moja ya petroli ikiungua inatoa hewa ukaa, ile inayoongeza joto duniani, kama kilo 2.3, yaani nzito kuliko petroli yenyewe, mi nilivyoambiwa nikabisha, kumbe kaboni inaungana na oksijeni ya hewani. Sasa wakubwa, tuwekeeni sehemu salama za kuacha magari karibu na vituo vya mabasi, mi wa kwanza kuliacha langu.

Baba wa watoto watatu, Kimara