Jumamosi: kusimamisha boti baharini

Wanakikundi mambo, Jumamosi saa moja asubuhi tukutane Msasani, kusi limeanza kuchachamaa kwa hiyo tutafanya zoezi la kuisimamisha boti bila nanga, maana juzi wengine mlishindwa hata kunywa maji mbele ya kisiwa cha Bongoyo kwa kurushwa na mawimbi 😂

Iko hivi, unageuza boti kukatisha upepo, yaani omo (mbele ya boti) inapita upepo unakotoka, ila kamba ya tanga dogo la mbele USIIACHIE, tanga linabaki limejaa kinyume linasukuma omo mbali na upepo, hapo unalegeza tanga kubwa na mkono wa usukani unausukuma demani (upande upepo unakoelekea) unaufunga, basi tanga linavuta huku usukani unavuta kule, boti inatulia inasogea taratibu kiubavu, unakula mihogo yako bila wasiwasi.

Ila inasogea jamani, haijasimama kabisa, kwa hiyo kabla hujafanya angalia demani pana nafasi, na kusi hili likikusukuma ni kaskazini magharibi, huko kuna kisiwa na miamba. Upepo uutegee kulia, ndo wenye matanga wanaopata upepo kushoto wakupishe.

Wa ngalawa poleni, mna tanga moja tu, zoezi hili haliwahusu. Maboya kila mtu avae.