Barua kwa mwanangu: hiyo "niko poa" yako siitaki tena

Mwanangu,

Mdogo wako kaniambia hulali. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe mpaka akasema, na najua hajasema yote maana alikuwa anaangalia chini. Mimi nikikuuliza unaniandikia "niko poa mama" halafu unaweka kidole gumba, nimeanza kukichukia hicho kidole. Nikakuuliza tena shida nini, ukasema hamna kitu kikubwa, ni vitu vidogo vidogo tu vya ugenini vitapita. Hapo ndo umenifanya nikae chini niandike, maana hivyo vidogo vidogo ndo vinavyonitisha mimi.

Binamu yako anayesomea unesi kanionyesha orodha moja ya Wamarekani wawili, Holmes na Rahe, ya mwaka 1967. Waliandika mambo 43 yanayomtikisa mtu, kila moja wakalipa alama, halafu unajumlisha yaliyokupata ndani ya mwaka. La kwanza ni kufiwa na mume au mke, alama 100. Hiyo 100 mimi na wewe tunaijua, siielezi. Basi nikachukua kalamu nikaanza kutafuta ya kwako. Kuhama makazi 20. Hali ya maisha kubadilika 25. Usingizi kubadilika 16, kula kubadilika 15, mambo ya marafiki na kutoka kubadilika 18, vikao vya familia kubadilika 15. Nimejumlisha mara mbili nikidhani nimekosea, inakuja 109. Na hapo kazi ya fani nyingine sijaiweka, ambayo peke yake ni 36.

Umeona sasa? Katika hayo yote hakuna hata moja ambalo watu wangekuja kukupa pole, na wewe mwenyewe ungeona aibu kulia kwa ajili yake, lakini yakikaa pamoja yanapita msiba. Binamu yako ananikataza, anasema ile orodha haipimi ugonjwa na watu hawafanani, mwingine anabeba mengi na analala vizuri tu. Sawa, nimemwelewa. Ila wewe hulali.

Kwa hiyo usiniambie tena ni vitu vidogo. Niambie ni vipi. Hata kama ni kwamba kwenye basi hakuna anayekaa karibu na wewe, au umeenda kwenye ofisi yao umejaza fomu wamekurudisha, au umecheka kikaoni na hukuelewa kilichochekesha. Vitaje kimoja kimoja. Na najua nani alikufundisha kusema uko poa huku macho yamevimba, wakati ule nyumba ilikuwa imejaa watu na mimi sikutaka waongee, haya hayo yalishapita lakini saa hizi hakuna mgeni anayekuangalia, ni mimi tu.

Ulipofika ulikuwa unanitumia picha kila siku, treni sijui, madaraja, na mimi nilizionyesha kwa kila mtu, mpaka jirani akanikwepa. Halafu picha zikakatika. Binamu yako anasema hilo nalo linajulikana, kuna mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliliandika mwaka 1960, kwamba mtu akifika nchi ya watu mwanzo anakuwa kama yuko fungate, siku chache au hata miezi, kisha anaanza kuchukia kila kitu cha huko na kwao anakuona peponi, matatizo yote aliyoyaacha kayasahau. Kama umefika hapo basi nikukumbushe, huku si peponi. Bado tunagombana kila Jumapili kama ulivyotuacha, na baba yako mdogo bado hajarudisha zile hela.

Halafu hilo la usingizi. Huku kwetu watu wanaanza kuchangamka kwenye grupu la familia wakati kwako ni usiku wa manane, na wewe unajibu! Naona nimetuma saa ambayo ungekuwa umelala na tiki zinageuka buluu hapo hapo. Nimewaambia wote wasikusubiri, na wewe weka simu mbali na kitanda. Asubuhi toka nje upate mwanga hata kama kuna mawingu, mwanga wa asubuhi ndo unauonyesha mwili saa ya mahali ulipo. Kahawa mchana ikishapita acha. Usilale mchana kutwa siku ya mapumziko kisha ukashangaa usiku macho makavu.

Na kuchoka kwako jioni si uvivu wala hujawa mjinga. Kuongea lugha ya watu kutwa nzima, unasikiliza, unatafuta neno, unaogopa kukosea, kichwa kinafanya kazi mara mbili. Pumzika bila kujitukana.

Watu wa nyumbani walioko huko waendee, ni vizuri ucheke kwa lugha yako, ila usijifungie kwao tu kwa sababu huko ndo unapoishi sasa na hao wenyeji ndo utakaofanya nao kazi. Tafuta mmoja tu wa kuanzia. Sisemi umpende, msalimie. Wewe toka utoto husalimii mpaka usalimiwe, unamsubiri mtu akusogelee, na huko nasikia nao wanasubiri, sasa nani ataanza?

Hela uliyotuma imefika, asante, Mungu akuzidishie. Lakini mwezi huu usitume. Nimesema usitume. Ukituma nitairudisha. Mdogo wako kaniambia unachukua zamu za usiku ili zitoshe, na hilo ungeniambia wewe, sio nisikie kwake. Ndugu wengine wakikupigia kuomba waambie waniulize mimi, mdomo ninao.

Kuna kitu hiki nakiandika mara moja tu, ukisome taratibu. Kama huzuni imekaa wiki mbili mfululizo, karibu kutwa nzima, na vitu ulivyokuwa unavipenda havikuvutii, huo si upweke wa kupiga simu nyumbani ukaisha, nenda kwa daktari au kwa mshauri wa hapo kazini kama yupo, umwambie hulali na unachukua zamu zipi. Muulize kwanza kama mazungumzo ni siri ili uwe huru. Na siku ukiona heri usingekuwepo, usisubiri kuche, piga namba ya dharura ya huko kisha unipigie na mimi, saa yoyote, sitakuuliza chochote kuhusu nauli wala watu watasemaje. Kurudi nako kupo. Nilipokwambia pale mlangoni usirudi mikono mitupu nilikuwa naongea tu kama wazazi wanavyoongea.

Nakuonea fahari, unajua, ila fahari hainipi usingizi, sasa tumekuwa wawili tusiolala.

Huku bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, fundi anakuja Jumamosi na anasema lazima kabati litoke pale. Kabati umelifunga na ufunguo siuoni, mdogo wako anasema uliondoka nao. Kama unao niambie tuvunje kufuli, kama uliuficha sema wapi. Chumba chako anakitaka yeye, nimemwambia asubiri, ingawa vitabu vyake vishahamia humo.

Nijibu kuhusu ufunguo kabla ya Jumamosi, na kuhusu usingizi leo. Kwa maneno, sio kidole.

Mama yako